Tununue Joto, Si Lori la Kuni

Mtu apandaye asubuhi na mapema kutoka katikati ya jiji la Arusha kuelekea miteremko ya Mlima Meru aweza kuitambua shule kabla hajauona mlingoti wa bendera. Nyuma ya madarasa, jirani na stoo, paa la jiko hutoa moshi. Ndani yake mpishi amekwisha kuinama kwa muda mrefu juu ya moto, macho yakimtiririka machozi. Nje ya jiko lori limesimama likishusha kuni. Mtunza stoo analitazama, anaandika kitabuni "lori moja", anatia sahihi, na mzabuni anaondoka. Kazi ya ununuzi imekwisha.

Makala haya yauliza swali moja tu: je, siku hiyo shule imenunua nini?

Jibu la haraka ni kwamba imenunua kuni. Lakini shule haina haja ya kuni, kama vile mgonjwa asivyo na haja ya chupa ya dawa bali ya kupona. Shule inahitaji maharage yaive, ugali usongwe, na uji wa asubuhi uwe tayari kabla ya kengele. Kwa lugha ya fizikia, shule inahitaji kiasi fulani cha joto kifike ndani ya sufuria. Maoni yangu ni kwamba taasisi za umma za Arusha na Arumeru, yaani shule, vyuo, hospitali na magereza, hazina budi kununua joto hilo kwa pamoja, kwa kipimo cha sayansi, na kwa kuhesabu gharama ya miaka yote chombo kitakapotumika. Tena nasema kwamba kipimo kitangulie na umoja ufuate. Maana kununua pamoja bila kupima ni kukosea kwa jumla badala ya kukosea kwa rejareja.

Kipimo cha lori na kipimo cha joto

Tuanze na hesabu ambayo mwanafunzi wa kidato cha pili aweza kuifanya. Chukua lita 100 za maji, yaani kilo 100, zenye nyuzijoto 20. Jiji la Arusha liko kiasi cha meta 1,400 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani, kwa hiyo maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100 kama Tanga au Dar es Salaam. Kila kilo ya maji huhitaji kilojuli 4.2 ili ipande nyuzi moja. Tukizidisha 100 kwa 4.2 kwa 75 twapata kilojuli 31,500, au megajuli 31.5. Hicho ndicho kiasi cha joto kinachotakiwa kufika ndani ya maji, kwa njia yoyote ile ya kupikia.

Sasa tutazame kinachotakiwa kuwekwa chini ya sufuria. Mafiga matatu hupeleka kwenye chakula sehemu ndogo tu ya joto la kuni. Tuchukue asilimia 15 kwa ajili ya hesabu yetu. Sehemu iliyobaki huupasha joto ukuta, hewa na uso wa mpishi. Kwa hiyo yatakiwa megajuli 210 za kuni. Kilo moja ya kuni zilizokauka vema, zenye unyevu wa asilimia 20, ina megajuli zipatazo 14. Basi tutachoma kilo 15.

Lakini kuni zilizoshushwa na lori letu ni mbichi. Ikiwa nusu ya uzito wake ni maji, kila kilo ina megajuli 8 tu, kwa sababu nusu nyingine haiungui, na zaidi ya hayo moto unalazimika kwanza kuyageuza maji hayo kuwa mvuke. Sasa kilo 15 zimekuwa kilo 26, na moshi umezidi. Kwa maneno mengine, shule inayonunua kuni mbichi kwa uzito au kwa lori inanunua maji kwa bei ya kuni, kisha inatumia kuni ilizonazo kuyafukuza maji hayo. Hasara hiyo haionekani katika stakabadhi yoyote, wala mkaguzi wa hesabu hataigundua, kwa kuwa karatasi zote ziko sawa.

Tuendelee. Jiko banifu lililojengwa vizuri, lenye bomba la moshi na sufuria iliyozama ndani yake, laweza kupeleka asilimia 30 ya joto kwenye chakula. Hapo kilo 15 za kuni kavu hushuka kuwa saba na nusu. Gesi ya mitungi ina megajuli 46 kwa kilo. Na jiko lake likipeleka asilimia 55, kilo moja na robo yatosha. Umeme una megajuli 3.6 kwa uniti. Kwa chombo kinachopeleka asilimia 80, zatakiwa uniti 11 hivi. Bayogesi yenye megajuli 21 kwa kila meta ya ujazo itahitajika meta 2.7.

Hesabu hizi ni za kuchemsha tu. Baada ya hapo maharage huendelea kutokota kwa saa kadhaa, na kwa kuwa maji ya Arusha huchemka kwenye nyuzi 95, maharage hukawia kuiva kuliko pwani. Tena, kila lita ya maji inayopotea kwa mvuke huondoka na megajuli 2.26. Sufuria isiyofunikwa ikipoteza lita 10, imepoteza megajuli 22.6, yaani zaidi ya theluthi mbili ya joto lililotumika kuchemsha lita zote 100. Kwa hiyo mfuniko unaokaa sawasawa ni kifaa cha nishati, na ulipaswa kuandikwa katika zabuni. Kuloweka maharage usiku kucha ni nishati pia, na hakuna mzabuni anayeweza kutuuzia.

Mlima ulio juu ya sufuria zetu

Huenda msomaji akasema kwamba hizi ni hesabu za jikoni, wala hazifai kushughulisha jarida la sayansi. Hebu ainue macho autazame mlima.

Meru una kimo cha meta zaidi ya 4,500. Msitu wake hupokea mvua na ukungu, ukaliacha tone lizame ardhini polepole badala ya kuporomoka na udongo. Kutoka katika miteremko hiyo hutoka mito ya Themi, Nduruma na Usa. Maji yake huingia katika mto Kikuletwa, ambao huishia bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo mto Pangani huteremka hadi kwenye mitambo ya umeme ya Hale na Pangani kabla ya kufika baharini. Basi mti unaosimama juu ya Arusha una kazi kwa mkulima wa ndizi wa Meru, kwa mama wa mjini achotaye maji bombani, na kwa fundi wa umeme aliye mkoani Tanga.

Haki itendeke: si kila gogo lichomwalo katika jiko la shule limetoka katika msitu wa vyanzo vya maji. Yako mashamba ya miti ya Serikali, na wakulima wengi wa Meru hupanda migrevilea mipakani mwa migomba na kahawa, wakaikata kwa zamu. Kuni za namna hiyo zaweza kudumu miaka na miaka. Taabu ni kwamba mtunza stoo, akiwa peke yake langoni, hana njia ya kujua lori limetoka upande gani. Shule moja haiwezi kumfuata mzabuni hadi alikokata. Shule 40 zikiungana zaweza kumtaka aonyeshe kibali na mahali alikovuna, naye asipoonyesha akose soko lote.

Liko pia pafu la mpishi. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba moshi wa nishati za kupikia majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020. Mpishi wa shule husimama katika moshi uleule, tena juu ya moto ulio mkubwa zaidi. Yeye hakuwamo katika kikao cha zabuni, lakini ndiye anayeilipa tofauti ya bei.

Serikali imekwisha kuliona jambo hili. Mwaka 2023 ilitangaza kwamba taasisi za umma na za binafsi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kutumia kuni na mkaa, na muda uliowekwa umekwisha kupita. Mwezi Mei 2024 ulizinduliwa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye shabaha ya kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Hayo ni maagizo mema. Lakini agizo haliivishi maharage. Kati ya agizo na sufuria kuna jambo linaloitwa ununuzi, na huko ndiko nia njema nyingi hukwama.

Kwa nini shule moja haiwezi peke yake

Miaka kadhaa iliyopita nilitembelea shule moja ya Arumeru, ambayo sitaitaja jina. Mkuu wa shule alinionyesha jiko banifu la chuma lililokuwa limenunuliwa kwa fedha nyingi. Lilikuwa nje, chini ya mparachichi, na kuku walikuwa wakitaga ndani yake. Wavu wa chuma unaobeba kuni ulikuwa umeungua katika mwaka wa pili. Aliyelitengeneza alikuwa amehama, mafundi wa jirani hawakuwa na kipimo chake, na shule iliyo kilomita chache kutoka hapo ilikuwa na jiko la namna nyingine kabisa, ambalo wavu wake haukuingia. Mkuu wa shule hakuwa mzembe. Alikuwa amechagua bei ya chini kuliko zote tatu zilizoletwa, kama alivyofundishwa.

Kisa hicho chaonyesha udhaifu wa kununua mmoja mmoja. Kwanza, mnunuzi wa majiko mawili hawezi kuyapeleka kupimwa, kwa kuwa gharama ya kupima yaweza kukaribia bei ya jiko lenyewe. Pili, hawezi kumlazimisha mtengenezaji aweke akiba ya vipuri. Tatu, hana kumbukumbu. Alichojifunza kwa hasara hakiifikii shule ya pili, nayo yarudia kosa lilelile. Nne, hutazama bei ya siku ya kununua kwa sababu ndiyo fedha aliyo nayo mkononi, ilhali jiko hula kila siku kwa miaka.

Tuchukue mfano wa hesabu. Shule inayopika siku 200 kwa mwaka, ikichoma kilo 150 za kuni kavu kila siku kwenye mafiga, hutumia tani 30. Jiko linalopeleka joto maradufu hutumia tani 15. Kwa miaka mitano tofauti ni tani 75. Mwalimu na aweke hapo bei ya kuni ya mahali pake, kisha ailinganishe na tofauti ya bei kati ya jiko zuri na jiko rahisi. Aghalabu ataona kwamba jiko rahisi ndilo lililo ghali. Na shule 40 zikifanya hivyo, kuni zisizochomwa kwa mwaka mmoja ni tani 600. Hapo ndipo mlima wenyewe unapoanza kuuona ununuzi wetu.

Njia iliyopo

Kuunganisha ununuzi si ndoto. Tanzania ina Wakala wa Huduma ya Ununuzi Serikalini, ulioanzishwa mwaka 2007, ambao huweka mikataba ya pamoja kwa ajili ya vifaa na huduma mtambuka, yaani vile vinavyohitajiwa na taasisi nyingi. Utaratibu wake ni mwepesi kuueleza. Bei na sifa za kitu hukubaliwa mara moja kwa kipindi fulani. Kisha kila taasisi huagiza kiasi chake, kwa wakati wake, bila kuanza zabuni upya. Sheria mpya ya Ununuzi wa Umma ilipitishwa mwaka 2023, na katika mwaka huohuo taasisi zilianza kuhamia katika mfumo wa ununuzi kwa njia ya kielektroniki uitwao NeST. Maadamu mahitaji ya taasisi zote hupita katika mfumo mmoja, kuyajumlisha mahitaji ya wilaya nzima ni rahisi kuliko ilivyokuwa zamani za makaratasi.

Katika dawa tumekwisha kuona faida. Bohari ya Dawa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1993, hununua kwa niaba ya hospitali na vituo vya afya vya umma. Mwaka 2017 nchi za Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika ziliichagua bohari hiyo iratibu ununuzi wa pamoja wa dawa kwa nchi wanachama. Mbali zaidi, nchi za bara la Amerika zilianzisha mwaka 1977 mfuko wa pamoja wa kununulia chanjo, ambao umeziwezesha nchi ndogo kupata chanjo kwa bei ileile wanayoipata majirani wakubwa. Kisiwa chenye watoto elfu chache hakina nguvu mbele ya kiwanda; lakini kikiwa ndani ya kundi, kina nguvu ya kundi zima.

Hata katika nishati mfano upo. Mwaka 2024 Wakala wa Nishati Vijijini na Jeshi la Magereza walitia sahihi makubaliano ya kupeleka nishati safi ya kupikia katika magereza ya Tanzania Bara. Gereza moja moja halikuachwa litafute jiko lake. Kama jambo hilo lawezekana kwa magereza yaliyotawanyika nchi nzima, linashindikanaje kwa shule na vyuo vya Halmashauri ya Jiji la Arusha, ya Wilaya ya Arusha na ya Wilaya ya Meru, ambavyo mtu aweza kuvizunguka kwa basi katika siku chache?

Tena Arusha ina bahati ya kuwa na wapimaji karibu. Hapa ndipo kilipo CAMARTEC, Kituo cha Zana za Kilimo na Teknolojia Vijijini, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1981. Katika miaka ya 1980 kituo hicho kilieneza mitambo ya bayogesi yenye kuba lililojengwa chini ya ardhi, kazi iliyokuwa imetanguliwa na mitambo ya SIDO ya miaka ya 1970. Kiko Chuo cha Ufundi Arusha, na kule Tengeru iko Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela. Mtu wa Dodoma aweza kuandika mkataba, lakini ujuzi wa kupima jiko, kuni na mtambo uko hapahapa chini ya mlima.

Ujuzi huo huo ndio utakaotukinga na shauku zisizo na hesabu. Kwa mfano, wapo wasemao kwamba kila shule ijenge mtambo wa bayogesi na mambo yatakwisha. Kilo 10 za samadi, ambazo zaweza kukusanywa kwa siku kutoka kwa ng'ombe mmoja wa zizini, hutoa kiasi cha meta za ujazo 0.4 za gesi. Kwa kuchemsha lita 100 tu za maji watakiwa ng'ombe saba. Aidha vijidudu vinavyotengeneza gesi hupenda joto la nyuzi 35 hivi, na usiku wa Meru una baridi. Basi bayogesi itaifaa sana shule yenye mifugo, nayo itatoa mbolea, lakini shule kubwa isiyo na zizi isidanganywe. Vivyo hivyo gesi ya mitungi huokoa msitu na pafu la mpishi, ila ni mafuta ya kisukuku, huagizwa kutoka ng'ambo kwa fedha za kigeni, na kila kilo iunguayo hutoa kilo tatu hivi za hewa ya ukaa. Kununua kwa namna itakayodumu maana yake ni kuyaweka haya yote mezani kabla ya kutia sahihi. Kifungu cha 12.7 cha Malengo ya Maendeleo Endelevu, yaliyokubaliwa na mataifa mwaka 2015, chataka hivyo hivyo kuhusu ununuzi wa umma.

Hofu zilizo na msingi

Yako mambo yanayowatia watu hofu juu ya ununuzi wa pamoja, na si haki kuyapuuza.

La kwanza ni kwamba mzabuni mmoja mkubwa atameza kazi yote, na yule kijana wa Usa River mwenye karakana ya majiko, au kikundi cha akina mama wauzao kuni kavu, wakose riziki. Hofu hii ni ya kweli. Dawa yake ni kuigawa zabuni katika mafungu kulingana na kata au tarafa, sifa za kitu zikiwa zilezile kwa wote. Sheria pia hutaka sehemu ya asilimia 30 ya ununuzi itengwe kwa makundi maalumu ya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Karakana ndogo tano zinazotengeneza wavu wa kipimo kimoja zina faida kubwa kwa shule kuliko kiwanda kimoja kilicho mbali.

La pili ni rushwa. Husemwa kwamba mlango mmoja mkubwa humvutia mwizi mkubwa. Ni kweli, lakini milango midogo 40 isiyo na mlinzi haina usalama zaidi, ila wizi wake hauonekani. Mkataba mmoja ulio wazi, wenye bei na vipimo vilivyobandikwa ubaoni katika kila shule, hutazamwa na macho mengi.

La tatu ndilo linalonisumbua zaidi, nalo ni deni. Ununuzi wa pamoja hufa pale baadhi ya wanachama wanapopokea mali wasilipe. Mtoaji huduma akicheleweshewa fedha, hupunguza huduma kwa wote, hata kwa wale waliolipa. Wazee wa Meru na Arusha walilijua jambo hili muda mrefu kabla ya sheria zetu za ununuzi. Mifereji iliyoteremsha maji mashambani ilichimbwa na kusafishwa kwa kazi ya pamoja, na maji yaligawanywa kwa zamu. Aliyekwepa kusafisha mfereji hakuweza kutazamia zamu yake kama kawaida. Umoja ule ulisimama kwa sababu ulikuwa na kanuni na adabu, si kwa sababu watu wa zamani walikuwa wema kuliko sisi. Mkataba wa nishati wa shule zetu usipokuwa na kanuni ya malipo, hautafika mwaka wa tatu.

Kazi ya walimu na wanafunzi

Nimewaandikia walimu na wanafunzi makala haya, na si maofisa ugavi peke yao, kwa sababu kipimo ninachokisema chaweza kuanzia katika maabara ya shule.

Kipimo cha kwanza ni unyevu. Siku lori linapofika, chagua vipande kadhaa kutoka juu, katikati na chini ya shehena. Pasua, pima uzito, kausha katika tanuri kwa nyuzi 105 hadi uzito usipungue tena, kisha pima upya. Kipande cha gramu 500 kikibaki gramu 300, unyevu wake ni asilimia 40. Andika. Mkataba ukisema unyevu usizidi asilimia 20, basi malipo yapunguzwe au lori lirudi.

Kipimo cha pili ni jiko. Pima maji, pima kuni, washa, na uangalie kipimajoto hadi maji yachemke. Pima kuni zilizobaki na maji yaliyopungua. Linganisha joto lililoingia katika maji na joto lililokuwamo katika kuni zilizoungua. Ukirudia mara tatu utapata jibu la kuaminika, ambalo halikutoka katika tangazo la muuzaji.

Kipimo cha tatu ni daftari. Kila siku ya shule liandikwe: watu waliokula, chakula kilichopikwa, kuni au gesi iliyotumika, na kilichoharibika. Daftari la shule moja ni kumbukumbu tu. Madaftari ya shule 40 yaliyojazwa kwa namna moja kwa mwaka mzima ni utafiti, na ni silaha katika meza ya zabuni. Hakuna mzabuni atakayewaambia wanunuzi wenye madaftari hayo kwamba jiko lake ni bora, wao wakakosa la kumjibu.

Haya hayahitaji kungoja barua kutoka juu. Walimu wa sayansi wa shule tatu jirani waweza kuanza muhula huu, kila mmoja na mizani yake. Baada ya muhula, bodi za shule zao zaweza kupeleka halmashauri matokeo yao na ombi moja: kwamba sifa za kuni, za majiko na za mitungi ziandikwe mara moja kwa shule zote, zipimwe na taasisi za Arusha, na vipuri viwe vya kipimo kimoja. Halmashauri ikikubali, Wakala wa Ununuzi utakuwa na kitu cha kuandikia mkataba. Ikikataa, angalau shule tatu zitakuwa zimeacha kununua maji kwa bei ya kuni.

Lori litafika tena asubuhi, na mtunza stoo atafungua kitabu chake. Safari hii na awepo kando yake mwanafunzi mmoja mwenye mizani, ili kitabu kiandikwe megajuli zilizoingia shuleni, na si "lori moja" tu.